Bao la Jumanne, Saa Kumi na Moja Jioni

Mwambie mtu mzima apange siku ya kufurahi, atakujibu "nikipata nafasi". Hiyo nafasi haipatikani. Kodi ina tarehe, mchango wa harusi una tarehe, kikao cha wazazi shuleni kina tarehe. Furaha peke yake ndiyo imeachiwa makombo ya muda. Nayo ipewe siku na saa. Mimi napendekeza bao, tena katikati ya wiki, kwa sababu Jumamosi ni ya harusi na misiba.

Bao ni la wawili, lakini tafuteni watu wanne. Mkiwa wawili, mmoja akikwama kwenye foleni siku imekufa, na zikifa mbili mfululizo hakuna tena atakayekumbushana. Mkiwa wanne, aliyefungwa anainuka, mwingine anakaa.

Ubao una mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na kete 64, ambazo kwa kawaida ni komwe, mbegu ngumu za mkomwe. Ubao ukikosekana, chimbeni ardhini.

Wanaoanza wapewe bao la kujifunza: kete mbili kila shimo, mnaingia moja kwa moja kwenye mtaji, yaani kucheza kete zote zikiwa tayari ubaoni. Wenyeji wengi huharibu hapa. Humkalisha mgeni kwenye bao la Kiswahili siku ya kwanza, penye nyumba (shimo maalumu la safu ya mbele) ya kete sita, mashimo mawili ya kulia kwake yenye mbili mbili, na kete 22 mkononi za kunamua, yaani kuingiza ubaoni, moja moja. Akumbuke kwamba penye cha kula lazima ale, kwamba kete alizokula husambazwa kuanzia kichwani (shimo la pembeni la safu ya mbele), na kwamba nyumba ina sheria zake za kusafiri. Atafungwa mara tano bila kujua amefungwaje, na Jumanne ijayo atakuwa na udhuru. Mpeni wiki tatu nne kwanza.

Muda ni saa kumi na moja hadi magharibi. Mkianza baada ya isha mtakunywa kahawa chungu usiku, usingizi utapaa, na Jumatano kazini bao ndilo litakalolaumiwa.

Simu mfukoni. Si suala la adabu tu: mtu akipokea simu kete zikiwa mkononi katikati ya mzunguko mrefu, anasahau alipofika, na ugomvi unaanzia hapo. Watazamaji wapige domo watakavyo (bao bila domo ni hesabu tu), ila wasiguse kete.

Pesa isiwekwe, hata shilingi elfu moja. Mchezaji dhaifu ndiye ataacha kuja wa kwanza, na bila yeye wanne mmekuwa watatu. Aliyefungwa mara nyingi alipie kahawa na kashata, yatosha.

Jumanne ikiingiliwa na msiba, hamishieni Jumatano saa ileile. Msiseme "wiki ijayo".