Tupande ngazi, jamani

Ndugu zangu wa Mbeya, lifti tuwaachie wagonjwa, wazee na wenye mizigo. Kazini kwetu foleni ya lifti inafika mlangoni, vijana wazima wanaenda ghorofa ya pili! Mimi napanda ngazi na mama mmoja wa ofisi ya jirani. Mwanzoni alikuwa akishika reli, anahema kila kona. Sasa tunapanda tukipiga stori za bei ya viazi. (Mgeni kutoka Dar msimcheke akihema, huku ni karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari.)

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na ngazi zinahesabika. Mwenye shida ya magoti au moyo amuulize daktari kwanza. Wengine, kesho asubuhi tukutane pale chini.