Nilivyolifasiri shairi la Yeats la Innisfree kwa msuko

Shairi la W. B. Yeats, mshairi wa Ireland, kuhusu kisiwa cha Innisfree kilichomo katika ziwa la Lough Gill huko Sligo, Ireland, lina beti 3, kila ubeti mishororo 4. Nililifasiri kwanza kwa shairi huru, mara mbili, na mara zote mbili likapoa. Kilichopotea ni mshororo wa nne. Katika Kiingereza mishororo mitatu ya mwanzo ni mirefu, silabi 13 au zaidi, kisha wa nne unakatika kwenye silabi 8 au 9, kama mtu aliyeishiwa pumzi kwa hamu. Sisi tunayo bahari, yaani aina ya shairi, yenye umbo hilohilo: msuko. Mishororo mitatu ya mizani (silabi) 16, ukwapi (kipande cha kwanza) 8 na utao (kipande cha pili) 8, na wa mwisho mizani 8 tu.

Kabla ya kuandika neno, isikilize sauti ya Yeats mwenyewe. Alilisoma shairi hili kwenye redio ya Uingereza miaka ya 1930, na anasoma karibu na kughani. Utaisikia pumzi katikati ya mishororo mingi mirefu. Hapo ndipo ukwapi unapokoma.

Maneno ya kuanzia ameyachukua kwa mwana mpotevu, Luka 15. Biblia yetu inasema "Nitaondoka, nitakwenda". Hesabu: mizani 9, moja imezidi. Nikafupisha kitenzi cha pili, na kina cha kati, -nde, kikapatikana hapohapo:

Nitaondoka niende, Innisfree kisiwani,
Kibanda changu niunde, fito, udongo, majani,
Matuta tisa ya kunde, mzinga wangu mtini,
Pweke na nyuki mwituni.

Jina la kisiwa nimelihesabu mizani 4, I-ni-si-fri. Amua hesabu hiyo mapema na usiibadilishe, la sivyo beti zitayumba. Fito na udongo vimo kwa Yeats, tena ndivyo tunavyojengea. Majani ya kuezekea ni yangu, yamekuja kwa ajili ya kina. Kunde si maharage ya bustani ya Sligo, lakini "maharage" yanakula mizani 4 na hayana -nde. Idadi ya tisa usiiguse. Mtu anayehesabu matuta ya shamba ambalo bado hajalilima ana kiu nalo kweli.

Kwenye nyuki nilikwama muda mrefu. Yeats anasema uwazi wa msitu umejaa sauti yao. Nilijaribu "uvumi wa nyuki", na kila niliyemsomea akadhani kuna habari za mitaani. Nikaiacha sauti, nikabaki na upweke.

Ubeti wa pili una mitego miwili. Adhuhuri yake ni ya zambarau, rangi ambayo kwetu inaleta tunda kabla ya mwanga. Jina la kisiwa kwa Kiayalandi ni kisiwa cha mhedha, kichaka kifupi chenye maua ya rangi hiyo, na Yeats mwenyewe alieleza redioni kwamba lazima alikusudia kivuli cha maua hayo majini. Kwa hiyo andika maua na maji, rangi itafuata. Mtego wa pili ni ndege wake mdogo wa jioni. Chiriku yuko karibu naye, ila kwetu chiriku pia ni mtu wa domo, na Yeats anataka mbawa tu. "Jioni mbawa za chiriku" ina mizani 9. "Jioni mbawa za ndege" ina 8, na kelele imeondoka.

Ubeti wa tatu ndio roho. Yeats aliliandika shairi hili mwaka 1888, London, akiwa na miaka 23. Alikuwa akipita mtaa wa Fleet Street akasikia mchirizo wa maji: dirishani mwa duka palikuwa na chemchemi ndogo iliyobeba mpira juu ya mrusho wake. Akalikumbuka ziwa la Lough Gill, huko Sligo kwa wazazi wa mama yake. Basi ukilazimika kupoteza kitu, usiyapoteze maji. Kwa Kiingereza yanasikika kwa herufi l iliyorudiwarudiwa. "Ziwa likilamba kando" inaitunza, mizani 8 kamili. Usiandike pwani, hilo ni ziwa la maji baridi.

Baadaye Yeats alisema asingeandika tena ule mwanzo wa kizamani, wala kuweka sifa nyuma ya nomino pale anapotaja njia za kijivu. Kwetu sifa hukaa nyuma daima, kwa hiyo kosa lililomsumbua halionekani kabisa. Mshororo wa kufunga kwake unamalizika kwa maneno matatu mazito mfululizo, kila moja silabi moja. Kiswahili hakina maneno ya namna hiyo. Nilichoweza ni kuyarudisha maji ndani ya kitenzi na kurejea kina cha ubeti wa kwanza:

Nayasikia moyoni.