Kula Sweet Home Café: kwa mwenye wageni Washington

Ratiba ya mgeni aliyetua Washington kutoka Dar au Nairobi inajulikana: Ikulu kwa kupitia kwenye uzio, picha mbele ya sanamu ya Lincoln, halafu miguu inauma na njaa inabisha. Kwenye ule uwanja mrefu wa National Mall chakula kingi ni cha kujaza tumbo tu. Mahali pa kumlisha mgeni chakula chenye habari ndani yake ni Sweet Home Café, mgahawa ulio ndani ya Makumbusho ya Taifa ya Historia na Utamaduni wa Wamarekani Weusi, yaliyofunguliwa tarehe 24 Septemba 2016. Ila ukikosea saa, utakula foleni.

Anza na tiketi. Kuingia ni bure, lakini lazima uwe na tiketi yenye saa, na mgahawa hauna mlango wake wa barabarani, kwa hiyo asiye na tiketi ya makumbusho hawezi kula hapo. Tiketi hutolewa kwenye tovuti yao hadi siku 30 kabla, kuanzia saa 2:00 asubuhi (8:00 kwenye simu yako). Chache za siku hiyohiyo hutoka saa 2:15 asubuhi. Jumamosi na likizo za shule huwa shida, na Februari, mwezi wa historia ya Weusi, ni shida zaidi. Usimwambie mama mkwe "tutajaribu tukifika." Mlangoni kuna ukaguzi wa mizigo na chakula cha kutoka nje hakiruhusiwi, kwa hiyo zile sambusa ziache nyumbani.

Sasa saa yenyewe. Mgahawa uko chini ya ardhi, na maonyesho ya historia yako chini zaidi ya hapo. Lifti inakuteremsha hadi karne ya 15, kisha unapanda taratibu kwa miguu, utumwa, vita, ubaguzi, hadi siku zetu, na njia ya kutokea inakumwaga jirani na mgahawa. Walioingia mlango ulipofunguliwa saa 4 asubuhi wanamaliza mzunguko huo baada ya saa mbili au zaidi, wote wana njaa, wote wanatokea palepale. Ndiyo maana kati ya saa 6:30 na saa 8 mchana viti karibu 400 havitoshi.

Dawa ni kugeuza mpangilio. Chukua tiketi ya asubuhi, panda kwanza ghorofa ya 4 kwenye muziki, sanaa na mapishi, kisha shuka ule mapema kaunta zikifunguliwa. Historia iwe ya mwisho. Kuna sababu nyingine ya kufanya hivyo: huko chini mambo ni mazito. Makumbusho yalipofunguliwa, miongoni mwa vitu vilivyowekwa pale ni vyuma vya kusawazishia meli ya São José, iliyozama karibu na Cape Town mwaka 1794 ikiwa imebeba mateka zaidi ya 400 kutoka Msumbiji, pwani yetu hii hii. Wengi hawana hamu ya kuku wa kukaanga baada ya kutoka hapo. Mzee asiyeweza kutembea sana aombewe kiti cha magurudumu mapema, hawatozi. Na jiko halingoji makumbusho yafungwe saa 11:30 jioni. Hufunga mapema, kwa hiyo angalia saa zao siku ile ile.

Menyu ilipangwa kwa kanda nne za nchi: Kusini ya wakulima, pwani ya Krioli upande wa Louisiana, majimbo ya Kaskazini, na nyanda za Magharibi. Vyakula hubadilika kwa msimu na si kila kaunta huwa wazi kila siku. Kosa la kawaida ni kusimama kwenye foleni ya kwanza uliyoiona. Mtu mmoja azunguke mikono mitupu asome mbao zote za menyu, ndipo trei zichukuliwe. Familia ikigawanyika kwenye kaunta tatu, sahani ya kwanza itapoa ikisubiri ya mwisho, basi anayekwenda kwenye foleni ndefu aanze yeye.

Kusini ndiko mgeni wetu atakakojiona nyumbani. Collard greens ni ndugu wa damu wa sukuma wiki, ila huchemshwa muda mrefu hadi zilainike kabisa, na supu yake hunywewa. Wali wa kunde, ambao wao huuita Hoppin' John, hauhitaji maelezo. Grits ni mahindi yaliyosagwa chenga na kupikwa laini kama uji mzito. Anayetarajia ugali wa kumega atanuna, mwambie mapema kwamba huliwa kwa uma au kijiko, na kamba juu yake. Chai baridi ya Kusini ni sukari tupu, mwenye kisukari aiepuke.

Kaskazini, menyu ya mwanzo ilimkumbuka Thomas Downing, mtu mweusi huru aliyefungua mgahawa wa chaza New York mwaka 1825 na kuficha watoro wa utumwa kwenye vyumba vya chini.

Kwa Waislamu, hapa msione haya kuuliza. Katika upishi wa Kusini, nguruwe ni kiungo kama kitunguu: collard greens na kunde huchemshwa na mfupa wake uliokaushwa kwa moshi, gumbo, ule mchuzi mzito wa Louisiana, hutiwa soseji yake, grits hunyunyiziwa vipande vyake, hata mkate wa mahindi huweza kupakwa mafuta yake. Wapishi wengine hutumia bata mzinga wa moshi, na kwa macho huwezi kutofautisha. Kwa hiyo usiulize "kuna nguruwe?" kwa jumla. Uliza sahani moja moja imechemshwa na nini, na kambare amekaangwa kwenye mafuta yale yale ya vitu vingine au la. Kuku kuwa kuku hakumfanyi halali.

Ukipata nafasi, kaa upande wa picha kubwa ya ukutani ya vijana wa Greensboro. Tarehe 1 Februari 1960 wanafunzi wanne weusi walikaa kwenye kaunta ya chakula ya wazungu tu katika duka la Woolworth mjini Greensboro, North Carolina, wakanyimwa huduma na wasiinuke. Kaunta hiyo ilianza kuhudumia weusi Julai ile ile. Kipande halisi cha kaunta yenyewe hakiko hapa. Kiko kwenye Makumbusho ya Historia ya Marekani, ng'ambo ya barabara ya 14, ambako huhitaji tiketi.

Malipo: bei ya ubaoni si ya mwisho. Chakula cha mgahawani Washington hutozwa kodi ya asilimia 10, kwa hiyo sahani ya dola 20 ni dola 22, na familia ya watano iongeze hesabu hiyo kabla ya keshia. Unajihudumia mwenyewe, hivyo bakshishi si lazima hata kama mashine inakuuliza. Bajeti ikibana, gawaneni sahani. Mboga za ziada huuzwa peke yake. Magari ya chakula huko nje yanaweza kuonekana rahisi, lakini mengine hayaandiki bei: uliza kabla kikaango hakijaguswa.