Dhamana ya Kipimo cha Tangi la Samaki, Kutoka Kiwandani Hadi Mikindani

Kifaa kinachopima maji ya tangi langu la samaki kiliuzwa kwa dhamana ya miaka miwili, na maneno hayo yameandikwa kwa herufi kubwa juu ya boksi. Karatasi iliyomo ndani inasema jambo jingine kwa herufi ndogo: miaka miwili ni ya kisanduku chenye skrini, ilhali elektrodi ya pH (kipimo cha uasidi wa maji, ambapo namba ikishuka uasidi umeongezeka), yaani kile kijiti chenye ncha ya kioo kinachozama majini, imepewa miezi sita tu. Anayefuga samaki wa bahari anafahamu kwamba kisanduku hakifi kirahisi, na kwamba kinachochoka ni elektrodi, ambayo kwa kawaida hudumu mwaka mmoja hadi miwili na huzeeka hata ikiwa imekaa dukani bila kutumika. Yangu ilianza kuharibika ikiwa bado ndani ya miezi yake sita, kwa hiyo nilitarajia kubadilishiwa bila mjadala. Mjadala ulikuwapo, tena mrefu.

Tangi lenyewe lipo sebuleni katika nyumba ya wageni ninayoisimamia Mikindani, na ndani yake wamo kitatange na kangaja wadogo. Maji ya bahari huwa na pH ya 8.1 au zaidi kidogo. Katika tangi kipimo hicho hushuka alfajiri, baada ya usiku mzima wa viumbe kupumua na kutoa hewa ya ukaa, kisha hupanda mchana mwani unapopata mwanga. Ninachokihitaji hasa ni taarifa ya usiku, kwa sababu umeme ukikatika (na hapa Mtwara, pamoja na gesi yetu ya Mnazi Bay, hukatika) pampu ya hewa husimama, na namba huanza kuteremka kabla samaki hawajapanda juu ya maji kutafuta hewa. Elektrodi ilipochoka ilikuwa ikionyesha 7.6 asubuhi, mchana na jioni, wakati kipimo cha matone ya rangi kilikuwa kikibadilika kama kawaida.

Kabla ya kuandika malalamiko nilitaka kujua kosa liko wapi. Nilichomoa waya wa elektrodi, nikaunganisha pini ya katikati ya soketi na duara lake la nje kwa kipande kifupi cha waya wa shaba, na skrini ikasoma karibu 7, kama inavyopaswa kusoma isipopokea umeme wowote. Kisanduku kilikuwa kizima. Kisha niliizamisha elektrodi katika maji ya kusawazishia ya pH 7, nikaisuuza, nikaihamishia kwenye ya pH 4. Elektrodi nzima hutoa takriban milivolti 59 kwa kila hatua moja ya pH katika nyuzi joto 25, maana yake kati ya 7 na 4 tofauti inapaswa kukaribia milivolti 177. Yangu haikufikisha hata nusu. Nilipiga picha za skrini katika kila hatua, nikaambatisha nakala ya risiti, nikatuma.

Majibu ya huduma kwa wateja yalikuwa ya adabu, na hilo nalitaja kwa haki. Tatizo ni kwamba kila jibu lilitoka kwa mtu mwingine, na kila mtu mwingine aliniomba picha zilezile. Mmoja alitaka video ya usawazishaji wakati picha zenye namba zote zilikuwa chini ya barua hiyohiyo aliyokuwa akiijibu. Mwingine aliuliza kama umeme wa eneo langu ni thabiti, kwa kuwa dhamana haihusu madhara ya umeme kuzidi. Swali hilo lingekuwa na maana kama kisanduku ndicho kilichoungua; ncha ya kioo iliyokufa wakati kisanduku chake kinasoma vizuri haikuuawa na TANESCO. Nililijibu hivyo, kwa lugha laini zaidi.

Wakala wa Dar es Salaam aliyeniuzia alikuwa na namna yake. Nikimpigia simu alikuwa akisema, "Dada yangu, mimi nakuelewa kabisa, ila mfumo haujaniruhusu." Mfumo ulikuwa ukimsubiri msambazaji wa nje, msambazaji alikuwa akisubiri idhini ya kiwanda, na kiwanda kilikuwa kimekwisha kunipa namba ya kurudishia bidhaa yenye sharti kwamba mzigo uwafikie ndani ya siku 14. Sharti hilo limeandikwa na mtu ambaye ghala liko mtaa wa pili. Kutoka hapa mzigo hupelekwa kwanza ofisi ya basi, husafiri zaidi ya kilomita 500 hadi Dar es Salaam, ndipo uanze safari ya ndege na taratibu za forodha. Namba yangu ilikwisha muda mzigo ukiwa bado nchini, na ikabidi iombwe nyingine.

Upo ucheleweshaji mmoja ambao siwadai. Mei 2024, wakati wa mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya, barabara ya kusini ilikatika upande wa Somanga, na hakuna kampuni duniani ambayo ingepitisha boksi pale. Wiki zilizotangulia na zilizofuata, hata hivyo, hazikuwa na kimbunga.

Kuhusu risiti, nieleze kidogo kwa sababu ilikaribia kuniponza. Risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, huchapwa kwenye karatasi inayoitikia joto, na kwa joto la pwani yetu maandishi hufifia hadi karatasi ikabaki nyeupe. Wakala aliitaka risiti halisi. Nakala niliyokuwa nimeitoa siku ya ununuzi ndiyo iliyosomeka. Halisi ilikuwa imebaki na mstari mmoja wa juu na kivuli cha jumla ya bei. Alikubali nakala baada ya kumkumbusha kwamba ipo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayomgusa pia muuzaji kwa mlaji wake, na kwamba Tume ya Ushindani hupokea malalamiko. Sikuwa nikimtisha, nilikuwa nimechoka.

Elektrodi mpya hatimaye ilifika kwa basi, jina langu likiwa limeandikwa kwa kalamu nene juu ya mkanda wa gundi. Chumvi nyeupe iliyoganda pembeni mwa kofia haikunishtua, kwani hiyo ni kloridi ya potasiamu na huoshwa kwa maji. Kilichonishtua ni tarehe ya kutengenezwa kwenye shina lake: ilikuwa imezidi mwaka. Nimetumiwa kitu ambacho sehemu kubwa ya uhai wake imeishia ghalani, na kwa mujibu wa masharti yao dhamana ya kilichobadilishwa haianzi upya, bali inaendelea na muda uliobaki wa kile cha kwanza. Muda huo ulikwisha wakati wao wakiniomba picha.

Sasa nimewaandikia ombi la mambo mawili. La kwanza, siku ambazo madai yapo mikononi mwao zisihesabiwe ndani ya dhamana ya mteja. La pili, kwa sehemu ndogo na nyepesi kama elektrodi, watume mbadala kwanza mara ushahidi unapotosheleza, waache kudai kurudishiwa kijiti kilichokufa ambacho nauli yake ya ndege inakaribia bei ya kipya. Wamejibu kwamba ombi limepelekwa katika idara husika na wamenipa namba nyingine ya kufuatilia. Elektrodi hiyo inasoma vizuri kwa sasa, naisawazisha kila Jumamosi, na tofauti ya milivolti naiandika kwenye daftari pamoja na tarehe.