Uzi Mwekundu Juu ya Herufi Z

Kazi aliyotupa mwalimu wa usanifu ilikuwa fupi kuisoma: sanifu jalada la mbele la jarida ambalo halipo. Jina ubuni mwenyewe, picha upige mwenyewe, ukubwa A4, lichapishwe kwa rangi. Wenzangu wengi walikimbilia mitindo na muziki. Mimi nikachagua jarida la ushonaji, nikaliita Uzi, na sababu yangu haikuwa na ushairi wowote. Jina la herufi tatu unaweza kulikuza mpaka likajaza upana wote wa jalada. Kuna mwenzetu aliyechagua jina la maneno manne, akahangaika nalo hadi siku ya mwisho.

Kabla hatujagusa kompyuta, mwalimu alitubandikia ukutani nakala za majalada ya zamani. Ninalolikumbuka zaidi ni la jarida la Marekani la Esquire la Aprili 1968, kazi ya msanifu George Lois. Bondia Muhammad Ali amesimama, kaptura nyeupe, viatu vyeupe, nyuma yake hakuna kitu, na mwili umechomwa mishale kama Mtakatifu Sebastiani anavyochorwa. Mwaka uliotangulia alikuwa amevuliwa ubingwa kwa kukataa kuingia jeshini. Pembeni yake palikuwa na jalada la jarida la Time la Aprili 1966 lisilo na picha hata moja: herufi nyekundu juu ya weusi, zikiuliza kama Mungu amekufa. Mwalimu akatuuliza, "Haya, kila jalada hapa linasema mambo mangapi?" Tukahesabu. Kila moja lilisema jambo moja. Akaondoka akatuacha tunayatazama.

Picha yangu ilikuwa mkono wa mwanafunzi mwenzangu akitunga uzi kwenye sindano. Tuliipiga karibu na dirisha, upande wa pili tukasimamisha kadibodi nyeupe ili irudishe mwanga kwenye vidole. Kutunga uzi kwenyewe hakuchukui muda, lakini kupiga picha yake kulitula mchana mzima. Mara sindano inang'aa mno, mara tundu halionekani, mara ncha ya uzi aliyokuwa akiilowesha kwa mate imejikunja. Iliyonifaa ni ile ambayo ncha imebakiza kidogo sana iingie tunduni, na kwenye ukucha wa kidole gumba kuna alama ndogo ya chaki ya kushonea. Ile chaki hatukuipanga. Ningelipwa nisingeifuta.

Uzi ulikuwa mwekundu, ukipanda kutoka vidoleni hadi nje ya picha kwa juu, na njiani ulipita palepale nilipoweka jina. Nikaupitisha juu ya herufi Z. Mwalimu alipoona mchoro wa awali alitikisa kichwa.

"Jarida linalojulikana linaweza kuziba jina lake, msomaji atalimalizia kichwani. Hili lako ni toleo la kwanza. Nani analijua?"

"Lakini Mwalimu, U na I ziko wazi."

"Ziko wazi kwako, uliyelipa jina."

Kwa majalada mengine niliyoyaona darasani siku ile alikuwa na haki kabisa, maana kuna vichwa vya watu vilivyomeza jina zima. Kwa langu sikukubali, ila hoja yake ilinikaa. Nikafanya uzi upite nyuma ya mstari wa juu wa Z, utokeze mbele ya ule mstari wa mshazari, kisha urudi nyuma tena, kama vile umeshonwa kwenye herufi yenyewe. Ilibidi niukate ule uzi kwenye kompyuta nikiwa nimekuza picha mpaka imekuwa miraba mitupu, nikiacha vinyweleo vyake vya pembeni, kwa sababu ukivifuta uzi unageuka waya.

Rangi nayo ilikuwa na mambo yake. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu, lakini mtambo wa uchapaji una wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi. Wekundu wa karatasini ni majenta juu ya manjano, na hauwaki kama ule wa kwenye skrini hata ukiubembeleza vipi. Badala ya kuendelea kuuongeza, niliipunguza rangi ya nyuma mpaka ikawa kijani kilichofifia, karibu na kijivu, na papo hapo uzi ukajitokeza. Mengine yalikuwa ya kufuata tu: nukta 300 kwa inchi, milimita 3 za ziada kila upande ili kisu cha kukatia karatasi kikiyumba pasibaki mstari mweupe, na msimbopau kwenye kona ya chini. Mimi niliuanzisha na 977, ndivyo misimbopau ya majarida inavyoanza. Hakuna aliyenisifu kwa hilo.

Siku ya kuwasilisha tulidhani kazi zitabandikwa ukutani kama kawaida. Mwalimu akaingia na rafu ya kuuzia majarida, akayapanga majalada yetu kwa kulaliana, kila moja likionyesha kipande cha juu tu, kisha akatusimamisha mlangoni. "Nunueni," akasema.

Kulikuwa na jalada lililochorwa kwa mkono, kwa wino, zuri kuliko yote darasani, langu likiwemo. Jina lake lilikuwa chini. Kutoka mlangoni lilikuwa kipande cha anga tupu. Langu lilionyesha herufi tatu na uzi, basi. Mkono, sindano, ile chaki niliyoipenda, vyote vilifichwa na jirani. Ila lilisomeka. Mwalimu alilichomoa, akalitazama, akaniambia bado angeutoa uzi kwenye Z. Akanipa alama nzuri hata hivyo, nami nikamwambia bado ningeuacha.

Halafu akarudi mbele ya darasa akaanza kusoma kwa sauti vichwa vya makala tulivyokuwa tumevijaza kwenye majalada ili yaonekane ya kweli. Changu kimojawapo kilitangaza historia kamili ya kitufe, kurasa nane. Alipomaliza akatupa kazi iliyofuata: kusanifu kurasa za ndani za makala hayohayo, maneno na picha, kila mtu na ahadi zake. Aliyepiga kelele kwanza ni yule aliyeahidi mahojiano na mwanaanga.