Wapumzike Vile Vile Kama Wewe

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Wiki hii kuna ombi moja la maombi limenikaa moyoni, nimeshindwa kulitua. Dada mmoja katika kikundi chetu, mhandisi wa programu, aliomba tumwombee Mungu amwongezee nguvu. Anatoka nyumbani watoto wamelala, anarudi wamelala. Katikati hapo kuna kazi, na akishafika nyumbani kuna kazi tena, maana timu ya upande wa pili wa dunia huamka wakati yeye anavua viatu. Alieleza yote hayo huku akitabasamu, kama mtu anayesoma matangazo ya ibada. Akamalizia, "Nataka tu nguvu za kuendelea." Tukainamisha vichwa. Mimi nimo humo humo kwenye kazi hiyo, foleni hizo nazijua na vikao hivyo navijua, na amina yangu siku ile ilitoka kwa shida. Tangu hapo najiuliza: tukimwombea mtu nguvu ili afyatue matofali zaidi, ombi hilo tunalipeleka kwa Mungu au kwa Farao?

Nasema matofali kwa sababu nilijikuta nimerudi Kutoka sura ya 5. Farao aliagiza watu wasipewe tena majani, wakayatafute wenyewe, ila hesabu ya matofali ibaki ile ile. Walipolia, jibu lake lilikuwa fupi: wavivu ninyi. Mtu yeyote aliyewahi kuambiwa timu imepunguzwa lakini tarehe ya kutoa toleo jipya la programu haisogei anaielewa sura hii bila kuhubiriwa. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba siku hizi hatuhitaji Farao wa kutuita wavivu. Tunajiita wenyewe. Mtu amekaa na familia yake Jumamosi, anahisi simu imetetemeka mfukoni, anaitoa, hakuna kitu. Haikutetemeka. Ni paja tu limezoea. Anairudisha mfukoni na kujisikia ana deni ambalo hakumbuki alilikopa lini.

Tuje kwenye njia, maana wengi wetu tunakula sehemu kubwa ya maisha njiani. Mnakumbuka agizo la Kumbukumbu la Torati 6, kwamba maneno ya Mungu tuyanene uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo. Mahali panne. Sasa hebu pima mwenyewe, kwa uaminifu, ni maneno ya nani yameshika mahali hapo panne. Ukiketi nyumbani, kikundi cha kazi kinaita. Ukiwa njiani, kompyuta iko magotini, intaneti unaivuta kutoka kwenye simu, basi likiruka tuta unafuta mstari ambao hukukusudia kuufuta. Ukilala, simu iko chini ya mto, eti pengine seva itaanguka. Ukiamka, kabla hata hujasema asante kwa pumzi, umeshasoma ujumbe wa mteja. Sisemi kazi imekuwa sanamu, neno hilo tunalitupa ovyo siku hizi mpaka limechuja. Nasema tu mahali panne pote pana mwenyewe, na huyo mwenyewe hana hata haja ya kubisha hodi.

Mwendo wa kwenda na kurudi ulikuwa, angalau, na faida moja: ulimpa mtu nafasi ya kutoka kwenye kazi kabla hajaingia nyumbani. Kama bado unayo nafasi hiyo, usiiuze. Zaburi ya 121 inasema BWANA atakulinda utokapo na uingiapo. Isome ukiwa kwenye kiti. Ukimaliza, tazama nje ya dirisha, au sinzia. Kusinzia kwenye treni si kukosa kiroho.

Na hapo niseme neno juu ya akili zetu, kwa sababu bado wapo miongoni mwetu wanaodhani aliyechoka kiakili amepungukiwa imani. Eliya alitoka kushinda Karmeli, moto ulikuwa umeshuka mbele ya macho ya watu wote, na muda mfupi baadaye yuko chini ya mretemu anaomba afe. Mungu hakuanza na hotuba. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, kuna mkate juu ya makaa na gudulia la maji, akala, akalala tena. Mara ya pili akaambiwa ale kwa sababu safari ni kubwa mno kwake. Maswali ya "unafanya nini hapa, Eliya?" yalikuja baadaye sana, huko Horebu, akiwa ameshalala na kushiba. Sisi tunageuza mpangilio. Tunaanza na maswali, tena mengine ya kuumiza, na usingizi hatuugusi kabisa.

Hata wataalamu wa afya wameliona jambo hili. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza uchovu wa kazi uliopitiliza kwenye orodha yake ya kimataifa, si kama ugonjwa, bali kama hali inayotokana na msongo wa kazini usiodhibitiwa. Dalili zake walizitaja tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi hadi mtu anaiona chungu au anaibeza, na kuhisi hufanyi tena lolote la maana. Tazama wanachosema kuhusu chanzo. Chanzo wamekiweka kazini. Mwaka 2021 shirika hilo pamoja na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio kwamba saa nyingi za kazi zilihusika na vifo 745,000 vya kiharusi na ugonjwa wa moyo kwa mwaka 2016 peke yake. Walikuwa wakizungumzia wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Ukipiga hesabu ya siku zako, usisahau zile saa za usiku ambazo hazionekani kwenye karatasi yoyote.

Basi ukiona usingizi umekukimbia kwa majuma, au huzuni haiondoki, au umeanza kuwaza kwamba afadhali usiwepo, usisubiri kesha la Ijumaa. Mwambie mtu leo, na nenda kwa daktari au mshauri. Tutakuombea, na tutakusindikiza mpaka mlangoni.

Nilitaka kuendelea na Marko 6, pale Bwana anawaambia wanafunzi waende mahali pasipo na watu wakapumzike kidogo, kwa kuwa hawakuwa na nafasi hata ya kula. Lakini kuna neno jingine limenibana, na nitalisema wazi, maana katika ushirika wetu wamo viongozi wa timu, mameneja wa miradi, na hata wenye kampuni.

Amri ya Sabato tunaipenda tunapojisomea wenyewe. Isomeni tena katika Kumbukumbu la Torati 5. Haiishii kwako. Inamtaja mwanao, mtumwa wako, mjakazi wako, ng'ombe, punda, mgeni aliye ndani ya malango yako, kisha inatoa sababu: ili wapumzike vile vile kama wewe. Kama wewe! Halafu inaongeza: kumbuka ulikuwa mtumwa katika nchi ya Misri. Yaani Mungu anamwambia mtu aliyetolewa kwenye matofali, sasa kwa kuwa umepata watu chini yako, usiwe Farao kwao.

Ndugu yangu kiongozi, wewe Jumapili uko kanisani, simu umeizima, mikono juu. Vizuri. Lakini Jumamosi usiku ulituma ujumbe, "Naomba hili liwe tayari Jumatatu asubuhi." Ulipumzika kwa mgongo wa nani? Kijana aliyeupokea hakuja ibadani. Amekaa chumbani anatafuta hitilafu ambayo ingeweza kusubiri, na wewe unashangaa kwenye kikao cha wazee kwa nini vijana wamepungua. Ukiandika mwishoni, "si lazima ujibu sasa," usijidanganye. Wewe ndiye unayeandika tathmini yake mwisho wa mwaka, na yeye analijua hilo vizuri kuliko wewe. Kama wazo limekujia usiku, liandike, uliweke, ulitume asubuhi ya kazi. Programu za barua pepe zina uwezo huo siku nyingi, ni kubonyeza tu.

Na mnapogawa zamu za kusubiri simu za dharura usiku, msimpe yule asiye na mtoto kila wikendi kwa kuwa "hana majukumu." Usitangaze toleo jipya Ijumaa jioni kisha ukaenda mapumzikoni ukawaachia wengine moto. Na huyu anayesafiri mbali, mnayemwita ofisini kwa kikao ambacho angeweza kukihudhuria akiwa nyumbani kwake, hebu jiulize ni kwa faida ya kazi au ni kwa raha yako ya kuona viti vimejaa.

Najua nanyi mnabanwa. Kutoka 5 inasema waliopigwa pale matofali yalipopungua walikuwa wasimamizi wa wana wa Israeli, watu wa katikati, waliowekwa na watu wa Farao. Kipigo kilitua kwao kwanza. Ila walifanya jambo moja ambalo wengi wetu hatulithubutu: walikwenda kwa Farao wenyewe wakamwambia, kosa ni la watu wako. Hawakufanikiwa siku ile, lakini walisema. Wewe mara ya mwisho ulisema lini kwenye kikao cha juu kwamba tarehe hii haiwezekani kwa watu tulionao? Ufaransa tangu mwaka 2017 ina sheria inayozitaka kampuni zenye wafanyakazi kuanzia 50 zijadiliane nao kuhusu haki ya kutoguswa na ujumbe wa kazi baada ya saa za kazi. Bunge la nchi limeketi likaona haja hiyo. Sisi tunaosoma "kama wewe" kila mwaka tunasubiri sheria ya nani?

Wengine mtaniambia, si kila kazi inalala. Kweli. Mifumo ya hospitali haijui Jumapili, na Bwana mwenyewe aliuliza ni nani ambaye ng'ombe wake akitumbukia kisimani siku ya Sabato hamtoi mara moja. Aliye zamu akaokoa mfumo ambao wagonjwa wanautegemea hajavunja amri, na asije akasikia mtu wa kanisani anamsema. Shida ni kwamba kwetu kila kitu kimeshakuwa ng'ombe kisimani. Kitufe kimekaa vibaya kwenye ukurasa, ng'ombe. Ripoti ya meneja haijapakia, ng'ombe. Kabla hujamwamsha mtu saa nane za usiku, uliza kwanza nani ataumia ikisubiri mpaka asubuhi, na jibu likiwa hakuna, mwache alale.

Kwa ninyi mlio zamu wikendi hii: chagueni siku nyingine ya kupumzika, nzima, si nusu. Iwekeni kwenye kalenda ya timu leo, kabla vikao vya Jumatatu havijaijaza. Na viongozi, mkiiona pale, msiweke kitu juu yake.