Vikosi vya kigeni Cabo Delgado: mji umekombolewa, shamba bado

Mimi ni mtu wa Mtwara, na upande wa mama nina ndugu ng'ambo ya mto Ruvuma, huko Palma, kwa hiyo vita vya Cabo Delgado, jimbo la kaskazini kabisa mwa Msumbiji, sijawahi kuvisikiliza kama habari za mbali. Tangu waasi walipovamia vituo vya polisi mjini Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, swali moja limekuwa likinirudia: jeshi la nchi nyingine likija kumsaidia mwenye nyumba aliyezidiwa na vijana wa humo humo ndani, lipime kwa kitu gani kwamba limeshinda?

Serikali ya Msumbiji ilianza kwa kukodi bunduki. Mwaka 2019 waliletwa Warusi wa Wagner, kampuni ya askari wa kukodiwa, waliopoteza watu katika misitu wasiyoijua na kuondoka baada ya miezi michache. Ikafuata kampuni nyingine ya aina hiyo, Dyck Advisory Group ya Afrika Kusini, na helikopta zake, lakini aliye juu angani ana kazi ngumu ya kumpambanua kijana anayekimbia kwa kuwa ni mwasi na yule anayekimbia kwa kuwa ameiogopa helikopta. Agosti 2020 waasi waliitwaa bandari ya Mocímboa da Praia na kuishikilia karibu mwaka mzima. Machi 2021 wakaingia Palma, jirani kabisa na mradi wa gesi wa Afungi wenye thamani ya dola bilioni 20, na kampuni ya Ufaransa inayouendesha, TotalEnergies, ikausimamisha.

Rwanda ilipeleka askari na polisi 1,000 mwezi Julai 2021, na tarehe 8 Agosti bandari ile ikakombolewa. Wengi husifu kasi hiyo. Mimi nasifu zaidi kilichofuata, kwa sababu askari wale walipiga doria kwa miguu, wakakaa karibu na masoko, na wengi wao waliweza kuzungumza Kiswahili na watu wa pwani, ambao Kimwani chao ni ndugu wa karibu wa lugha yetu. Katika vita vya namna hii taarifa ndiyo silaha ya kwanza, na taarifa hiyo anayo mama muuza samaki aliyeona sura ngeni sokoni. Hatamwambia mtu asiyeelewana naye, wala hatamwambia askari atakayeondoka jioni na kumwacha peke yake usiku.

Kosa kubwa, kwa maoni yangu, lilikuwa katika kugawana ardhi. Mwezi ule ule wa Julai 2021 viliwasili vikosi vya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, vilivyojulikana kama SAMIM, Tanzania ikiwemo. Rwanda ikabaki na Palma na Mocímboa da Praia, SAMIM wakapewa wilaya kama Macomia, Nangade na Muidumbe, na kila upande ukawa na kamandi yake, fedha zake na mpango wake. Waasi hawakuwa na mipaka hiyo. Walipobanwa kaskazini walijigawa katika vikundi vidogo, kama siafu waliopigwa fagio, na kufikia Juni 2022 walikuwa wakishambulia Ancuabe na Chiúre, kusini mwa jimbo, kisha Septemba wakavuka hadi jimbo la Nampula. Kila kamanda angeweza kuripoti kwa ukweli kabisa kwamba eneo lake limetulia, huku idadi ya waliokimbia makwao ikikaribia milioni moja.

Kisha likaja suala la kuondoka. SADC ilitangaza mapema kwamba SAMIM wangemaliza kazi Julai 2024, na uhaba wa fedha ulichangia sana uamuzi huo. Waasi nao wanahesabu siku. Tarehe 10 Mei 2024, vikosi vikiwa vinafungasha, waliingia mji wa Macomia. Jeshi la kigeni linalopanga kuondoka kwa kufuata bajeti, bila kwanza kuhakikisha kwamba askari wa nchi wanaopokea kituo wanaaminika kwa wanakijiji, linamwacha raia mahali pabaya kuliko lilipomkuta, kwa sababu sasa anajulikana kuwa aliwahi kulisaidia.

Najua chanzo cha uasi huu hakitibiki kwa doria. Vijana waliofukuzwa kwenye machimbo ya rubi ya Montepuez na familia zilizohamishwa kupisha gesi Afungi wana madai ambayo askari hana mamlaka ya kuyamaliza. Lakini ana mamlaka ya kutoyazidisha: asionekane analinda uzio wa gesi kuliko njia ya shambani, na asimzuie mvuvi kutoka usiku bila kumwambia atakula nini.

Sisi Mtwara tuna sababu ya kulijali hili, kwani Oktoba 2020 waasi walivuka mto na kushambulia kijiji chetu cha Kitaya. Askari wetu waliobaki Nangade kwa makubaliano ya nchi mbili baada ya SAMIM kuondoka wana faida ambayo mgeni mwingine hana, maana Wamakonde wako pande zote mbili za Ruvuma. Ningependa wakabidhi kituo kimoja kimoja, wakae pamoja na Wamsumbiji kwa msimu mzima wa kilimo kabla ya kuhamia kingine, na wawaulize wanakijiji kama wako tayari. Ndugu zangu wa Palma wamesharudi nyumbani. Mihogo yao wanaipanda nyuma ya nyumba, kwa sababu shamba la zamani liko mwendo wa saa mbili, na huko bado hawaendi.